Mama Anayelaza Maji

Nitawaeleza jambo ambalo hamtaliamini, hata ninyi mliozoea kuniamini. Pale kwenye nyumba ya wageni, hapa kwetu Kolwezi, mama anayetunza kidimbwi cha samaki wekundu hulaza maji. Maji ya robine, yaani ya bomba, anayaacha kwenye mabeseni siku mbili ndipo ayamimine. “Acha ilale, tata, iko na dawa, itaua samaki,” huniambia, kwa sauti ndogo kama anaogopa kuamsha mtu. Malori ya madini yakipita, anafunika kidimbwi kwa chandarua, vumbi lisiingie. Chakula anakirusha kwa ncha za vidole. Punje ikibaki, anaiopoa na kijiko.

Jumapili moja alikwenda misa. Mimi, mtu wa akili, nikafungua robine, nikaingiza mpira wa maji, nikajaza kidimbwi mpaka juu, nimpunguzie kazi. Aliporudi, samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Hakunitukana. Alivua viatu, akaingia na kikwembe chake, kitenge cha misa, akatoa maji yangu kwa ndoo, akamimina yale yaliyolala. Kisha akashinda humo, anachota kwa kikombe na kuyaangusha kutoka juu ili yapate hewa, mpaka jua likapoa. Leo nikawa nawasimulia wageni namna nilivyosaidia: “Nikaruka ndani, maji yakanifika kifuani, nikaokoa samaki ishirini, wote wazima, na yule mkubwa—”

“Tata,” alisema mama nyuma yangu, polepole, “maji yetu inafika tu mu magoti. Ubaelezee na ya ule samaki mumoja mwenye alikufa mu mukono yangu.”