Maganda ya Baba Mkwe

Arlys Tveit alianza kuomba kibali cha kuwinda elki dume, wale kulungu wakubwa wa milimani Montana, binti yake angali mchanga. Kila mwaka bahati nasibu ya vibali ilimpita. Sasa binti ana watoto wake, kibali kimetoka, msimu unafunguliwa Jumamosi, na bunduki imekabwa na nusu ya ganda la risasi.

Alikuwa amepiga risasi moja tu ya majaribio. Alipovuta komeo la bunduki kutoa ganda, kitako cha ganda kilitoka peke yake, kiwiliwili kikabaki ndani. Alirudi gereji amefura.

"Bunduki imezeeka," alisema mumewe Duane, ambaye ndiye hujaza baruti na risasi mpya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa.

"Bunduki haina neno. Wewe unayafinya maganda kupita kiasi."

"Baba alikuwa akifanya hivihivi."

"Na baba yako alikuwa hasikii la mtu."

Ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Ganda lililopigwa hutanuka, hivyo hufinywa lirudie umbo lake kabla ya kujazwa. Duane alikikaza chuma cha kufinyia mpaka kikagota chini, kisha akaongeza robo mzunguko, kama marehemu baba yake alivyomfundisha. Bega la ganda, pale linapopungua kuelekea mdomoni, lilirudishwa nyuma mno, ganda likapwaya ndani ya bunduki, na kila mlipuko ukalivuta, likazidi kuwa jembamba karibu na kitako. Arlys alishasema mpaka akachoka.

Walipokwisha kulichokoa lile lililokwama, Arlys alikilegeza chuma mwenyewe. Alifinya kidogo, akajaribu ganda kwenye bunduki, akarudia, mpaka komeo likafunga kwa ugumu kidogo tu.

"Haya, yamekwisha," Duane alisema, akamsukumia kopo la maganda ya marehemu. "Jaza haya."

Arlys alitia ndani ya ganda waya uliopindwa ncha, akapapasa. Ukanasa kwenye mfereji karibu na kitako, pale ganda lilipokonda likakaribia kukatika. Ganda la pili, ukanasa tena.

"Haya ni ya kutupa, Duane. Kesho nanunua mapya."

"Haya ni ya baba."

"Na jicho litakalopofuka ni langu."

Alichukua koleo, akaanza kuyaminya mojamoja yasitumike tena. Duane alimtazama, machozi yakimlengalenga. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mkono.

"Lete hapa. Hata kuminya hujui."