Machozi ya Glasi ya Mama Tamar

Mama Tamar wa Butembo anapika pombe kali mwaka wa kumi na tisa sasa, na ulimi wake haujawahi kukutana nayo. Mwambie mtu jambo hilo sokoni, atacheka mpaka ashike meza ya jirani.

Kazi alifundishwa na bibi yake kule Beu, mjini Beni. Bibi alikuwa fundi: kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliichemsha kwenye pipa, mvuke ukapita katika bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, ukatoka tone kwa tone. Shida ni kwamba alionja kila chupa, na kwa vile alipenda kazi safi, alionja mara mbili. Saa sita mchana ilibidi abebwe. Tamar alimpenda bibi sana, akauogopa ulimi wake mwenyewe. Akaamua kutumia macho.

Anamwaga kidogo ndani ya glasi, anazungusha, anaiweka chini, anangoja. Pombe ina haraka kuliko maji. Pale juu, glasi ilipolowa kidogo tu, pombe inakimbilia hewani kwanza, maji yanabaki. Na ngozi ya maji, ule uso wake wa juu, inavuta kwa nguvu kuliko ngozi ya pombe, basi yanawavuta wenzao wa chini. Kinywaji kinapanda ukuta wa glasi chenyewe, kinajikusanya juu kama mstari mnene, mstari unashindwa kukaa sawa, unakatika matone, matone yanateremka. Glasi inalia. Ya mpiko wa kwanza inalia kama mjane. Ya mpiko wa pili, iliyorudishwa pipani ikachemshwa tena, kali kabisa, ina maji machache ya kuvuta, basi inatoa machozi mawili matatu membamba na kunyamaza. Maji matupu hayalii kitu.

Hiyo ya pili inanunuliwa na Mardochée, muuguzi aliyetumwa toka Kasai, kwa kusafishia vidonda. Kipimo chake cha kioo, cha kupimia ukali wa pombe, kilivunjikia barabarani. Tangu hapo anapima kwa macho ya Mama Tamar.

Taabu ilianza juma moja kabla ya sikukuu ya mavuno. Mama Tamar ndiye anayeongoza kwaya ya mamans, akina mama wa kanisa, na kwaya hiyo ndiyo kitu pekee anachokipenda kuliko pipa lake. Mzee wa kanisa, papa Edmond, akapeleka neno kwa comité ya wazee: mwenye kuonja pombe hapana kuongoza nyimbo. Mama Tamar akaitwa. Akaja na glasi tatu ndani ya kitambaa na chupa mbili zenye alama, ya kwanza na ya pili.

“Mama, tusisumbuane,” papa Edmond akasema. “Batu bote banajua. Mwenye kupikaka, anaonjaka.”

“Mimi hapana onjaka, papa. Mimi naangaliaka.”

“Unaangalia nini? Iko sawa na maji.”

“Kwa mwenye haraka, ndiyo.”

Pasta Éphraïm, mtu wa amani, akaenda nyuma ya kabati, Mama Tamar asione, akamwaga: glasi moja maji, moja pombe ya kwanza, moja ya pili. Akaziweka mezani. Mama Tamar akazizungusha, mkono umenyooka mbali na pua, akakaa. Akikosea, Jumapili atakaa benchi la nyuma akisikiliza mwingine akiharibu sauti ya pili.

“Hii maji. Hii ya kwanza, muone inavyolia. Hii ya Mardochée.”

Pasta akatikisa kichwa kukubali. Papa Edmond akakataa.

“Mais non, sivyo. Yenye kulia sana ndiyo iko kali. Umebadilisha alama kwa machupa.”

“Basi nani atahakikisha?” pasta akauliza.

Wazee wanne wa kanisa wakatazama dari. Ndipo papa Edmond, kwa ajili ya ukweli, kama alivyosema, akachovya kidole kwenye glasi iliyolia, akaramba, akafumba macho. Akachovya kwenye nyingine, akafumba macho muda mrefu zaidi.

“Eh. Mama iko na haki. Hii ya kwanza. Hii ya pili, na moto ulikuwa mudogo, vizuri. Lakini ndizi hapana ya huku. Hii ni ndizi ya Beni, iliiva siku moja kupita.”

Alipofumbua macho, wote walikuwa wanamtazama, na wa kwanza wao ni mke wake, mama Jokébed, sauti ya tatu kwenye kwaya, aliyemsindikiza Mama Tamar.

“Baba Gracien,” mama Jokébed akasema polepole, akimwita kwa jina la mtoto wao kama nyumbani, “masomo hayo ulimalizia chuo gani?”

Jasho likamtoka papa Edmond kwenye paji la uso, likajikusanya juu ya nyusi, likateremka. Mama Tamar aliliona. Angeweza kucheka, miaka kumi na tisa ya maneno ya watu ilikuwa inamruhusu.

“Papa iko na pua nzuri,” akasema. “Ndizi ilitoka Beni kweli. Harufu peke yake inatosha.”

Akachukua kisahani cha chai, akafunika glasi iliyokuwa inalia. Pombe ikakosa hewa ya kukimbilia. Machozi yakapungua, yakasimama.

“Angalia,” pasta akasema, “imenyamaza.”

“Ikifunikwa, inaachaka,” Mama Tamar akasema, akiwa anamtazama papa Edmond. “Répétition ya kwaya ni saa kumi, mama Jokébed. Usichelewe tena.”