Yule Dada wa Magu

Miaka yote nilimwambia mume wangu, "Baba, ukilala unakoroma, halafu pumzi inakatika, kisha unashtuka kama mtu anayezama." Anacheka tu, eti mwanaume aliyeshiba lazima akorome. Akaenda msibani Magu, waombolezaji wakalala uani kwenye maturubai. Asubuhi nesi mmoja, tena nasikia ni mrembo, akamwambia maneno yangu yale yale. Jumatatu huyo, hospitali kupimwa! Sasa analala na mashine inayompulizia hewa, kimya kabisa. Wageni wakija hapa Pasiansi wakasema amenawiri, anajibu, "Namshukuru yule dada wa Magu." Nami nimesimama palepale, mikono imelowa, nimetoka kuosha barakoa ya mashine yake.