Samaki wetu walikosa hewa, tukamsomea Bakari halbadiri

Wakuu, salaam kwenu nyote. Miaka yote humu mimi ni wa kusoma na kupita, leo nimeamua kuandika. Chai sina. Haya yalinipata mwenyewe na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Nakaa Bofu, Likoni. Kazi yangu iko kisiwani, kwa hiyo ni feri kwenda, feri kurudi. Wanaoijua feri ya asubuhi hawahitaji maelezo.

Tulikuwa na kikundi tunafuga samaki aina ya mwatiko kwenye vizimba, yaani vyumba vya nyavu vinavyoelea majini. Tulivifunga upande wa Mtongwe, kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, mahali palipotulia.

Mradi uliotusaidia ulitupa kipimo cha oksijeni. Ni kidude cha mkononi chenye waya mrefu. Unatumbukiza waya majini, unasoma namba kwenye kioo. Wenzangu wakanichagua mimi niwe mpimaji kwa sababu eti nilifaulu sayansi sekondari. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mama wa mradi, mtaalamu wa bahari, alitufundisha vizuri. Samaki naye anapumua hewa, ile iliyoyeyuka ndani ya maji. Akatuambia kuna miaka Bahari ya Hindi inageuka yenyewe, joto linajikusanya upande wetu wa Afrika na upande wa Indonesia unapoa. Miaka mingine ni kinyume chake. Ikikutana na El Niño ndipo tunapata zile mvua za kubeba madaraja. Mizunguko hii ipo tangu enzi za mababu, ingawa siku hizi joto la dunia linaizidishia nguvu.

Sasa maji yakipata joto hayashiki hewa. Fungua soda iliyotoka kwenye friji na nyingine iliyokaa juani, uone ipi inabaki na gesi.

Halafu mvua ikija, maji matamu yanatanda juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, hewa ya juu haishuki. Chini kule majani na taka zinaoza, na kuoza nako kunakula hewa.

Akasisitiza tupime alfajiri, kabla ya jua. Mchana mimea ya majini inatoa hewa, usiku kila kiumbe anaitumia tu, hivyo alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Mkiona inateremka, alisema, punguzeni chakula na mvute vizimba hadi kwenye mkondo, maji yanapotembea. Na alituonya mapema kwamba mwaka ule joto lilikuwa upande wetu.

Nikapima alfajiri wiki mbili.

Kisha nikachoka. Sina neno jingine. Niswali, nishuke Mtongwe kwenye matope, nipande tena, niwahi feri! Nikaanza kupima alasiri nikirudi kazini. Namba za alasiri zilikuwa nzuri. Safu ya alfajiri kwenye daftari nikawa naijaza kwa makisio, napunguza kidogo ili ifanane na kweli. Kila Jumamosi kikundi kinakagua, wanasema mashallah.

Mvua zikaja, zikapitiliza. Jua likitoka maji ni vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Niliona, nikasema kesho nitashuka alfajiri. Kesho hiyo mnaijua.

Asubuhi moja mwenyekiti wetu, Bi Rukia, akanipigia simu. "Shuka upesi, samaki wote wako juu."

Walikuwa wanaelea, midomo wazi, hawana jeraha hata mmoja. Kila kizimba. Nikatumbukiza waya. Mwatiko wetu walitaka namba nne hivi kwenda juu. Kioo kilisoma chini ya moja.

Nikakizima nikakitia mfukoni. Kuitaja namba ile kungekuwa kukiri kwamba daftari zima ni la uongo. Niliona aibu, nikanyamaza.

Mtu mmoja akasema, "Huu ni utupa."

Kwa wasioujua, utupa ni mmea ambao wazee waliuponda na kuutia majini ili kulevya samaki. Huku kwetu samaki wakifa bila jeraha, utupa ndio mshukiwa wa kwanza. Na Bakari ana kichaka chake nyuma ya nyumba.

Bakari alikuwa mwenzetu. Alijitoa baada ya kugombana na Bi Rukia juu ya mahali pa kufunga vizimba. Yeye alitaka kwenye mkondo tangu mwanzo. "Hapa maji yamelala," alisema, na alipoondoka akatuambia tutaona. Neno hilo ndilo lililomfunga.

Ijumaa ikatangazwa kwamba itasomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwovu asiyejulikana. Aliyefanya akapewa siku saba ajitokeze.

Siku saba, wakuu. Kila siku nilikuwa kwenye feri najiambia leo nitasema.

Siku ya nane, baada ya alasiri, tukaketi madrasa. Bakari alikuja kwa miguu yake, akakaa mlangoni.

"Someni," alisema. "Mie sina la kuogopa."

Ustadhi akasoma. Watu wakaitikia amin. Nami niliitikia.

Wiki chache baadaye Bakari aliteleza bafuni kwake, akavunjika mguu. "Imemshika," mtaa ukasema. Salamu zake zikawa haziitikiwi. Mkewe alikuwa akiuza mahamri, wateja wakamkimbia. Mwisho wakahama, wakaenda kwa dada yake Bakari, Kiembeni.

Mwaka uliofuata mama wa mradi alirudi, akalipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa.

"Kaka," akaniambia, "safu hii haijawahi kuiona alfajiri."

Jumapili yake nikaenda Kiembeni.

Bakari alinikaribisha vizuri, jambo lililonichoma zaidi. Nikamweleza yote, kipimo, daftari, ile namba ya asubuhi. Alisikiza mpaka mwisho.

"Siku ya halbadiri wewe ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na amin uliitikia?"

"Niliitikia."

Akaupapasa mguu wake. "Mie mguu ulivunjika, ukaunga. Wewe walala?"

Nikamwambia silali.

"Basi usije kuniambia mie. Mie nalijua tangu siku ile kwamba sikufanya. Kawaambie walioitikia."

Nilienda. Nilisimama madrasa ileile na daftari mkononi. Nikawaeleza joto la mwaka ule, mvua, hewa, uvivu wangu. Bi Rukia alilia, akaondoka bila kuniaga. Wengine waliniamini. Lakini mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kama hakufanya, mbona alivunjika mguu?"

Nikalifunga daftari, nikatoka.

Nililojifunza ni dogo tu. Bahari ina miaka yake ya kupungukiwa hewa, na haihitaji adui wa kuitilia sumu. Kama umepewa kazi ya kuipima, ipime saa uliyoambiwa, na ukishindwa sema umeshindwa. Aliyenyamaza ndiye aliyemfanya mwenziwe adui.

Joto lilishaondoka upande wetu, na siku moja litarudi, ndiyo kawaida yake. Hewa imerudi majini. Bakari hajarudi Likoni.

Wajuzi wa bahari, nirekebisheni nilipokosea. Na wajuzi wa dini, nawaomba bila mzaha: amin iliyokwisha kuitikiwa, mtu huirudishaje?