Ukuta Ambao Mama Hakuukandika

Mama alizaliwa Mnyambe, huko juu, ambako utotoni mwake maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kilimani kichwani. Alipoolewa Lupaso na kuona mto unapita karibu na shamba, alimwambia marehemu baba nyumba ijengwe hapo hapo. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alikuwa amechoka na ndoo.

Mimi kazi yangu ni kukadiria mafuriko ya mito ambayo haijawahi kupimwa, na huo wetu ni mmojawapo. Tunaazima kumbukumbu za mto mwingine uliopimwa, tunalinganisha ukubwa wa ardhi inayoleta maji ya mvua mtoni, kisha tunatafuta alama: tope ukutani, majani makavu yaliyonasa kwenye matawi. Bila alama hizo, kazi yangu ni ramli yenye kikokotoo.

Hesabu za mto wa mama zilinitia hofu. Zilisema maji yanaweza kupanda hadi kupita juu ya kitanda chake. Lakini hesabu za kuazima hukosea, na sikutaka kumng'oa mama kwake kwa kubahatisha. Katika mvua za mwaka ule nilipofanya hesabu hizo, mto ulikuwa umefurika wakati yeye yuko kwa mdogo wake, huko Mkomaindo. Kwenye simu aliniambia maji yaliingia ndani "kidogo tu". Nikaenda kuuangalia ukuta.

Nyumba ilikuwa inang'aa. Ameikandika upya yote, ndani na nje, udongo mwekundu chini, mweupe juu. Chini ya mikorosho amefagia mpaka ungeweza kuandaa chakula pale.

"Shikamoo, mama. Alama ya maji iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia unakuja, nikasema usije ukakuta nyumba chafu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui alikandika kwa kunipenda au ili nisione. Nadhani yote mawili.

Nikaomba kisu, nikaanza kukwangua taratibu ukuta wa chumbani, yeye akilalamika kana kwamba ninamkwangua ngozi. Chini ya udongo mpya tope la mto lilikuwa bado lipo, la kijivu, na mstari wake ulipita juu ya kitanda.

"Mama, ungekuwa umelala hapa."

"Nimekua nikiyafuata maji bondeni," alisema. "Leo yananifuata yenyewe mlangoni, unataka niyakimbie?"

"Nataka uishi."

Jioni, tukila, aliuliza kama kule mwinukoni, juu ya shamba, mto bado unaonekana. Nikamwambia unaonekana vizuri.

Tulimjengea huko. Nyumba ya zamani ikawa stoo ya majembe, na niliomba jambo moja: isikandikwe tena, ili kila mvua zikiisha nisome mto ulifika wapi. Alinitazama kwa huzuni. Kwake, ukuta mchafu ni aibu ya mwanamke mwenye nyumba, hata nyumba yenyewe ikiwa na majembe tu.

Safari iliyopita niliukuta ukuta ule na matope yake yote, mstari juu ya mstari. Jirani alipita njiani, akasalimia, akautupia jicho. Mama hakungoja aulizwe.

"Usidhani nimezeeka," alimwambia. "Huo ni ukuta wa mwanangu."