Kikombe cha Shangazi Sughra

Bi Sughra, wa mtaa wa msikitini huko Kharian, hakuwahi kupokea chai kwa kukaribishwa mara moja. Ukimkaribisha atasema amekunywa sasa hivi kwake. Ukimbembeleza atasema tumbo limejaa. Mara ya tatu atashusha pumzi kama mtu aliyeonewa, kisha atakunywa vikombe viwili na kuuliza kama sambusa zimekwisha. Hakuwa mnafiki, maskini. Ndivyo alivyolelewa, na mtaa mzima ulilelewa hivyo. Hata siku ya ndoa yake, shekhe alipomuuliza kama amekubali, alimwacha mzee wa watu ahangaike mpaka mara ya tatu.

Lakini kwa kaka yake Barkat, nyumba ya pili kutoka kwake, alikuwa na miaka minne hajaonja hata maji. Kisa kilikuwa kitambaa. Kwenye harusi ya mtoto wa Barkat, mashangazi wa bibi harusi walipewa hariri, na yeye, dada wa damu, akapewa pamba ya maua ya njano. Tangu hapo, kukiwa na msiba kwa Barkat alikwenda, akalia vizuri, akarudi na kiu yake. Wifi yake Naziran naye aliapa kwamba hambembelezi tena. Kila swala Bi Sughra alimwomba Mungu amtoe kinyongo moyoni, ila hakutaka aonekane yeye ndiye wa kwanza kulegea.

Ndipo akaja Rubab, binti wa kaka yao marehemu, aliyezaliwa na kukulia Oslo. Alifikia kwa Barkat, na kwa wiki moja alikuwa ameshalishwa katika nyumba kumi na moja na kuulizwa kila mahali mbona hajaolewa. Alituma salamu kwamba Ijumaa baada ya swala anamwomba shangazi yake aje.

Bi Sughra akajua Mungu amefungua mlango. Atakataa mara mbili, ya tatu atakunywa, na miaka minne itaisha bila mtu kushindwa. Chakula cha mchana hakukigusa, ili tumbo liwe na nafasi.

Alikaa juu ya kitanda cha kamba uani, juani. Barkat alijificha nyuma ya gazeti. Rubab akaleta sinia: chai ya maziwa yenye iliki, haluwa ya karoti, sambusa za moto.

"Karibu chai, shangazi."

"Hapana mwanangu, nimekunywa sasa hivi."

"Haya, shangazi," Rubab akasema kwa adabu, akarudi na sinia jikoni.

Mtoto wa watu alijua mateso ya kulishwa kwa nguvu; alimhurumia. Bi Sughra aliisindikiza ile sinia kwa macho kama mama anayemsindikiza mwana uwanja wa ndege. Gazeti la Barkat likaacha kutikisika. Jikoni, Naziran aliuliza kwa sauti ya chini kama amekataa, akaambiwa ameshiba. Akaketi kwenye kigoda. Sambusa zile alizikaanga mwenyewe, na punje za komamanga ndani, kama wifi yake anavyozipenda.

Bi Sughra akawaza kwamba akiondoka hivi, safari nyingine ya kuja hapa itakuwa kuzika. Tumbo likanguruma mpaka Barkat akashusha gazeti.

"Rubab," akaita. "Mwanangu, niulize tena."

Rubab akarudi na sinia. "Utakunywa chai, shangazi?"

"Hapana, nimeshiba."

Msichana akageuka, haelewi dunia.

"Simama hapo hapo," Bi Sughra akasema. "Bado mara moja."

Naziran akatokea mlangoni mwa jiko, mikono ina unga.

"Kunywa chai, wifi," akasema.

Bi Sughra alishusha pumzi kama mtu aliyeonewa, akasema bismillahi, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akaonja.

"Sukari mnaifungia kabatini siku hizi?"

Naziran, aliyeingojea miaka minne kejeli ya wifi yake, akakimbia kuleta kopo zima.