Maji kwenye Kona ya Mfereji

Mchore akilini mwako, msomaji wangu, mtu mmoja anayekuja asubuhi kwenye barabara ya vumbi ya tambarare ya Bugarama, upande wa Rwanda, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Si kwamba hajui kuiendesha. Baiskeli imefungwa bidoni, yale madumu ya maji ya manjano, kushoto, kulia na nyuma, mpaka imekuwa pana kama ng'ombe mwenye mimba. Mtu mwenyewe ni mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kubeba mifuko ya simenti, na nyusi zake zina weupe ambao si wa uzee. Leo ni Jumamosi, lakini amevaa koti la misa. Wanaokutana naye wanamsalimia kwa heshima, wakishampita wanageuka kumtazama tena. Papa Védaste na koti lake, anakwenda wapi na bidoni tupu?

Alikuwa anakwenda kumpokea rafiki yake.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka 2003, na siku hiyo ulifunguliwa msimu wa mbio za magari. Magari yangeteremka kutoka Rwimbogo, yakate tambarare katikati ya mashamba ya mpunga, kisha yapande tena milimani. Mengine yalitoka Kigali, mengine Bujumbura. Lakini habari iliyomkosesha Védaste usingizi ililetwa na akina mama wanaovuka daraja la Rusizi, mpakani na Kongo, na nyanya zao: safari hii, kwa mara ya kwanza tangu vita, kulikuwa na gari moja kutoka Bukavu. Gari la Buhendwa.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima avae koti kwa ajili ya gari, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Vumilia, sitachukua muda.

Védaste alizaliwa Bukavu. Wazazi wake walikimbilia huko wakati wa machafuko ya zamani, wakafa huko wakiisimulia Rwanda kama watu wanavyosimulia harusi ambayo hawakualikwa. Yeye hakuijua. Alichokijua ni karakana ya baba wa Buhendwa, ambako alianza kwa kuosha spana na mafuta ya taa, na Buhendwa mwenyewe, Mshi wa rika lake, mwenyeji wa Bukavu, ambaye hakuweza kuona usukani bila kuushika. Walikua pamoja. Buhendwa alipoanza kushindana, Védaste akawa mkuu wa washabiki wake, na kazi ya mkuu wa washabiki haikuwa kupiga kelele. Ilikuwa ni maji.

Katika mbio za namna ile, gari la mbele huacha vumbi linaloning'inia hewani kama pazia, na anayefuata huingia kwenye kona akiwa kipofu. Kwa hiyo vijana wa karakana walijipanga kwenye kona mbaya na bidoni zao. Gari la mbele likishapita tu, walimwaga maji njia nzima, vumbi likalala, na Buhendwa akapita akiona vizuri. Naye hakuwahi kupita kona iliyomwagiwa bila kutoa mkono dirishani. Watu wa Bukavu walikuwa wakisema kwamba Buhendwa haendeshwi na petroli, anaendeshwa na mayi ya batoto, maji ya vijana wake.

Mwaka 1996 vita vilipokaribia, jina la mtu na pua yake vilianza kuulizwa kwenye vizuizi, wakisakwa watu wenye asili ya Rwanda kama yeye. Védaste hakuwa amewafuata wenzake waliorudi Rwanda mapema. Alisema nitakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao una kawaida ya kutofika. Asubuhi moja Buhendwa alimjia na lile gari la mbio. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa zamani ili gari liwe jepesi. Védaste na mkewe Mukabera, mwenye mimba ya Iriza, walilala pale chini, wakafunikwa turubai na matairi juu yake.

Kwenye vizuizi walikuwepo vijana wenye mawe na mapanga. Walipoliona lile gari, waliacha kuwa walinzi wakawa washabiki. Walifungua njia wakishangilia, wakapiga paa kwa viganja, wakamwambia Buhendwa awapigie honi. Chini ya turubai, Védaste alisikia viganja vile juu ya kichwa chake, na mpaka leo hajui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuokolewa na shangwe ya watu ambao wangemuua.

Pale darajani Buhendwa hakuzima injini. Alisema washuke, wakimbie, wasitazame nyuma. Wakakimbia. Védaste alipofika ng'ambo na pumzi ikarudi, ndipo alipokumbuka kwamba hakusema aksanti.

Neno hilo alilibeba miaka sita. Angelipeleka mwenyewe, lakini vita vya pili vikaja, na safari hii watu wenye bunduki kutoka upande wa Rwanda waliingia kwenye karakana, wakachukua walichotaka, wakamuua mdogo wake Buhendwa mlangoni. Majirani wakamwambia Buhendwa: wale uliowabeba kwenye gari lako, haya ndiyo malipo yao. Akina mama wa nyanya walileta na habari hiyo pia. Tangu hapo Védaste alipofika karibu na daraja, miguu yake ilikumbuka shughuli nyingine.

Sasa unajua kilichokuwa ndani ya koti lile.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Mukabera alikuwa akikung'uta shati la kazi la Védaste nje ya mlango. Kila jioni hulikung'uta kwanza, kabla halijaguswa na tone la maji, kwa sababu unga wa kiwanda cha simenti anakofanya kazi mumewe ukilowa haufuliki. Unateleza mkononi kama kambare, kisha unaganda. Aliuliza bila kumtazama.

"Papa Iriza, akishuka kwa gari, utamuambia nini?"

"Nitamuambia aksanti."

"Na akikuuliza mudogo wake?"

Védaste aliendelea kufunga bidoni kwenye baiskeli. Baadaye alisema kwamba hatahitaji kusema mengi. Atamwaga maji, na Buhendwa akiyaona maji barabarani atajua ni nani yupo pale. Hakuna mtu mwingine upande huu anayejua kumwaga maji. Mukabera akakunja shati, akasema udongo wa huku si wa kule. Védaste alidhani anazungumzia watu.

Kona aliyoichagua inaitwa Kona ya Mfereji, kwa sababu mfereji wa maji ya mpunga unapita ubavuni mwake. Shamba la ndani ya kona ni la Mzee Idrissa, Mwislamu mpole wa msikiti wa Bugarama, ambaye alimruhusu kuteka maji kwa sharti kwamba washabiki wasimkanyagie miche. Walikuwepo wengi. Upande mmoja walikaa wale waliorudi kutoka Zaire, wenye Kiswahili cha Bukavu na ugali wa muhogo kwenye vikapu. Upande mwingine wenyeji na wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakimshabikia dereva wa Kigali. Kati yao alisimama Gratien, msimamizi wa mizani kiwandani, mtu ambaye hawezi kuona watu wametulia akawaacha.

Aliwaita Badubai, kama walivyozoea kuitwa waliorudi kutoka Zaire, kwa maana ya bidhaa ya Dubai inayong'aa dukani na kuvunjika nyumbani. Akawauliza kama gari lao litafika likiendeshwa au likiburutwa. Mama mmoja, Laurence, akamjibu kwamba hata likiburutwa litamtangulia yeye na baiskeli yake. Watu wakacheka pande zote mbili. Gratien akamgeukia Védaste, akamuuliza kwa nini nchi yake imempa kazi, imempa nyumba, naye anamshabikia mgeni.

"Si mugeni," Védaste akasema. "Mie njo nilikuwa mugeni kwake."

Gratien akageuka kutazama barabara.

Gari la kwanza lilipita kama jiwe lililorushwa. Vumbi lilipanda likafunika jua, na halikuwa vumbi jekundu. Lilikuwa jeupe, unga uliodondoka miaka na miaka kutoka kwenye malori ya kiwanda. La pili liliingia kwenye kona bila kuona, likapapasa ukingo, likaokoka kwa bahati. Védaste aliona, na moyo wake ukapata uhakika. Kwa mbali, juu ya Rwimbogo, akasikia kile kikohozi: gari la Buhendwa lilikohoa kila alipobadilisha gia, tangu zamani, na hakuna fundi aliyewahi kuliponya.

"Mwange," akasema, yaani mwageni.

Badubai wote walisimama. Wanaume na wanawake walishika bidoni, wakamimina kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mpangilio, kama watu wanaotandika mkeka. Vumbi likalala. Njia ikang'aa. Wengine walikuwa wakicheka huku machozi yanawatoka, kwa sababu kwa muda mfupi pale Bugarama palikuwa Bukavu, na walikuwa vijana, na hakuna aliyekufa. Mzee Idrissa peke yake alitikisa kichwa, akafungua mdomo. Lakini anazungumza polepole, na gari lilikuwa linakuja haraka.

Lilitokea. Lilikuwa la rangi ya maziwa, mstari wa kijani ubavuni, limezeeka. Buhendwa aliyaona maji kabla hajaifikia kona. Najua aliyaona, kwa sababu mkono ulitoka dirishani.

Ndipo gurudumu la mbele likagusa ule uji mweupe.

Hakukuwa na kishindo kama unavyofikiri. Gari liligeuka taratibu, kama mtu anayejilaza, likaondoka barabarani kwa ubavu, likaingia shambani na kuzamisha pua kwenye tope la mpunga. Magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka hewani, yakirusha miche. Kikohozi kikakatika. Kutoka upande wa wafanyakazi mtu alianza kucheka, akaona nyuso za wenzake, akaacha. Gratien ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka mfereji na viatu vyake vya ngozi ili kuwasaidia waliokuwa ndani ya gari kutoka.

Buhendwa na mwenzake wa kiti cha pembeni walitoka wazima. Gari halikutoka zima: lilikuwa linavuja maji mbele, na gurudumu moja limelala upande. Msimu wake ulikuwa umeisha kabla haujafika adhuhuri ya siku ya kwanza. Alipanda barabarani, tope magotini, mvi kichwani ambazo Védaste hakuzijua. Aliinama, akachota ule uji kwa vidole viwili, akausugua.

"Ni nani alimwanga mayi hapa?"

Aliuliza kwa sauti ndogo. Washabiki, ambao muda mfupi kabla walikuwa wakiimba jina lake, walitazama bidoni zao kana kwamba zimeletwa na mtu mwingine. Yule mwenzake aliyekuja naye kutoka Bukavu akasema kwa nguvu, asikike na wote, kwamba alimwonya: kuvuka lile daraja ni kujipeleka kwa adui, hawa wamemmalizia kazi waliyoianza kwa mdogo wake.

Védaste angeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angemtaja. Alisogea mbele na koti lake lililolowa.

"Ni mie, mwira," akasema, kwa neno la Kishi la rafiki, ambalo hakuwa amelitumia tangu avuke.

Buhendwa alimtazama kwa muda mrefu. Alimjua, hilo lilionekana machoni.

"Njo we," akasema, yaani ndiwe.

"Njo mie. Juu ya kulalisha vumbi. Kama kule."

"Kule tulikuwa tunamwanga juu ya mawe, Védaste."

Na Védaste, ambaye alikuwa amekula unga ule miaka sita, ambaye kila jioni aliona mkewe akikung'uta shati kabla ya kulilowesha, alielewa pale pale alichokuwa amekifanya. Mikono yake ilimwaga maji ya Bukavu kwenye barabara ya Bugarama. Alifungua mdomo aeleze. Likatoka lile neno moja, kwa sababu lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote.

"Aksanti," akasema.

Buhendwa alitazama gari lake shambani, kisha akamtazama tena.

"Aksanti ya leo, ao ya ile siku?"

Kulikuwa na bidoni moja miguuni pa Védaste, yenye maji kidogo. Buhendwa aliiona. Akakunja mikono ya shati, akaikinga mikono yake miwili mbele, iliyojaa tope, akangoja. Védaste akainua bidoni, akamnawisha polepole, kama unavyomnawisha mgeni kabla ya chakula. Buhendwa akanawa viganja, akanawa viwiko, akanawa uso. Maji yalipoisha akajifuta kwa shati, akageuka, akapanda kwenye lori lililokuja kulivuta gari. Mkono haukutoka dirishani.

Hakushindana tena. Lile gari, wanasema akina mama wa nyanya, limewekwa juu ya matofali uani kwake, na kuku wanatagia ndani. Mwaka uliofuata vita viliwaka tena Bukavu, daraja likafungwa, na lilipofunguliwa habari za Buhendwa zilikuwa zimekatika. Mmoja alisema amehamia Goma kwa binti yake, mwingine alisema mengine. Védaste aliendelea kubeba mifuko hadi mgongo ukakataa. Mbio zilirudi Bugarama mara nyingine. Washabiki wa Bukavu walikaa mahali pao kwenye Kona ya Mfereji, wakala vumbi, na hakuna aliyebeba bidoni.

Lakini jioni, akikaa mlangoni na Mukabera, Védaste hurudia jambo moja: je, Buhendwa alipomkingia mikono, alikuwa amemsamehe? Iriza, msichana mkubwa sasa, humwambia baba acha, imepita. Mukabera humwambia kwamba mtu aliyekuchukia hawezi kukukingia mikono. Védaste humjibu kwamba mtu mwenye tope hukinga mikono kwa yeyote mwenye maji.

Wewe uliyekuja naye tangu alipokuwa akisukuma baiskeli yake asubuhi ile, ungemwambia yupi kati yao yuko sahihi?